Vifaa Saidizi kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu Vyuoni: Mashine Haisomi Picha ya Karatasi

Ukurasa huu safari hii umekusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba habari ya vifaa saidizi vinavyotumiwa na wanafunzi wenye ulemavu katika vyuo vyetu: ni vitu gani, vinafanya kazi namna gani, na kwa nini mara nyengine kifaa huwapo mkononi mwa mwanafunzi na kisimfae. Suali hili la mwisho ndilo lililotupelekea kuandika.

Mzee mmoja kutoka Wete alifika afisini kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa kanzu. Binti yake haoni tangu utotoni. Alisoma skuli mpaka akamaliza Kidato cha Sita, akapata nafasi ya chuo huku Unguja, na watu wa kheri wakamnunulia kompyuta ya mkononi na simu, vyote viwili vikiwa na programu ya kumsomea kwa sauti. Kabla ya masomo kuanza likatoka tangazo la kuwataka wanafunzi wapya wenye mahitaji maalumu wajaze fomu ya dakhalia, mwisho siku ya Ijumaa. Tangazo lilichapwa, likatiwa saini, likapigwa muhuri, kisha likapigwa picha, na picha ile ikasambazwa kwenye simu. Binti aliipokea siku ile ile. Alipoigusa, simu ilimwambia neno moja tu: "Picha."

Baba alikwenda mwenyewe kuchukua nakala ya karatasi. Yeye ni msomaji mzuri wa herufi za Kiarabu, lakini za Kirumi hakujaaliwa kuzisoma. Kwa hivyo nyumba ile ilikuwa na tangazo mara mbili, moja simuni na moja mkononi, na hapana aliyeweza kulisoma. Mtoto wa jirani alilisoma Jumapili. Chuo kilimpokea binti, lakini nafasi ya dakhalia ilikwishakwenda, na mwaka wake wa kwanza aliusoma akitokea kwa jamaa zake mjini, daladala mbili asubuhi na mbili jioni, na fimbo nyeupe mkononi.

Mzee hakuja kushitaki. Aliikunjua karatasi juu ya meza akasema, "Bwana, mimi nataka kujua tu. Mashine ya mtoto ni mbovu, au vipi?"

Mashine haikuwa mbovu. Mwandishi wa ukurasa huu aliitambua karatasi ile mara ilipokunjuliwa, kwa kuwa ilipita mezani kwake kabla ya kutoka, na ni yeye aliyesema kwamba picha yenye muhuri inatosha.

Kifaa saidizi ni chombo chochote kinachomwezesha mtu mwenye ulemavu kutenda jambo ambalo bila ya chombo hicho lingemshinda au lingemchelewesha. Fimbo nyeupe ni kifaa saidizi, na kompyuta inayosema ni kifaa saidizi. Kiti cha magurudumu kadhalika, na hata miwani anayoivaa karani anapofungua jalada. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha namna hii, na karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo upatikanaji wa vifaa hivyo unashuka hadi asilimia 3 ya mahitaji.

Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kuwa kurasa kama hizi zilikuwa zikiandika "wasiojiweza". Neno hilo limeachwa, na kwa maoni yetu limeachwa kwa haki, maana lilimfanya kila mtu afikirie kwanza nani atamsaidia yule mtu, wala asifikirie ni kitu gani kinamzuia kujifanyia mwenyewe.

Tuanze na wasioona, ambao kisa cha hapo juu kinawahusu. Maandishi ya nukta nundu yaliasisiwa na Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uoni akiwa mtoto mdogo baada ya kujijeruhi jicho katika karakana ya baba yake. Ilipofika mwaka 1824, naye ana umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuupanga mfumo wake: nukta sita, tatu upande huu na tatu upande huu, ambazo kwa kuzipanga kwa namna mbalimbali hupatikana alama 63. Kwa alama hizo huandikwa herufi, tarakimu, hesabu na hata muziki. Chombo chake cha rahisi ni kibao chenye vijumba vidogo, pamoja na kalamu fupi yenye ncha ya chuma. Anayeandika hubana karatasi ndani ya kibao na kudidimiza nukta moja moja, akianzia kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Akimaliza huigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Sisi tuliopita chuoni kwa maalim na mbao zetu hatuoni ajabu ya kuanzia kulia. Ajabu kwetu ni kwamba nukta nundu za Kiarabu, na kwa hivyo Msahafu wa nukta nundu, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na Msahafu wa wino.

Mashine ya kupigia nukta nundu iitwayo Perkins ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951 kwa ubunifu wa David Abraham. Ina vibonye sita, kimoja kwa kila nukta, na vyengine vya kuacha nafasi, kurudi nyuma na kuteremka mstari. Ni nzito na imara. Adui yake hapa visiwani ni hewa ya chumvi, kwani ndani yake mna vyuma vingi vidogo vidogo, na kutu ikishaingia vibonye huanza kugoma. Mashine hizi zihifadhiwe ndani ya mifuko yake na zifunguliwe na fundi anayezijua kabla hazijasita. Chuo kinachoinunua mashine bila ya kupanga fedha za fundi kitakuwa kimeinunulia kabati.

Wapo wanaodhani kuwa, kwa kuwa siku hizi kompyuta inasema, nukta nundu zimepitwa na wakati. Walimu wa wasioona hawakubaliani na rai hiyo, na sababu yao ni ya wazi. Anayesikia tu hajui neno limeandikwa vipi. Mwanafunzi wa hesabu au wa kemia anahitaji kuipitia kanuni kwa kidole, kurudi nyuma, na kulinganisha mstari wa juu na wa chini. Sauti hupita ikaenda zake. Tena kibao na kalamu havina haja ya umeme. Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kompyuta zilizokuwa hazina jenereta nyuma yake zilikaa kimya miezi mitatu, ilhali kibao hakikuzimika hata siku moja. Ubaya wa nukta nundu ni wingi wake: ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huweza kuchukua kurasa mbili au tatu za nukta nundu, za karatasi nene, na kitabu kimoja cha chuo kikawa juzuu kadhaa ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba.

Ndipo inapokuja kompyuta. Kabla yake, mwanafunzi asiyeona wa elimu ya juu alikuwa hana budi asomewe na mtu. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza uoni utotoni, alisoma hivyo hivyo Al-Azhar na kisha Chuo Kikuu cha Cairo, akapata shahada ya udaktari mwaka 1914, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Lakini anayesomewa husoma kwa saa za msomeaji wake. Msomeaji akiumwa, akichoka, au akiwa na mtihani wake mwenyewe, kitabu hufungwa.

Programu ya kusoma skrini huyachukua maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta au simu na kuyageuza kuwa sauti. Hapa pana jambo ambalo kila mtumishi anayeandika barua anapaswa kulielewa. Programu hii haikitazami kioo kama jicho linavyokitazama. Inaiuliza kompyuta: hapa pana herufi gani, na baada yake ipi? Ikijibiwa, husoma. Herufi zilizopigwa kwa vidole kwenye kibodi zimo ndani ya kompyuta kama herufi, na kompyuta inaweza kuzitaja. Karatasi iliyopigwa picha haina herufi ndani yake. Ina vidoa vyeusi na vyeupe tu, na jicho la binadamu ndilo linaloviona kuwa ni maneno. Programu ikiuliza, kompyuta hujibu kuwa hapa pana picha, na ndivyo mwanafunzi anavyoambiwa.

Programu za namna hii ziko nyingi. JAWS inauzwa, na bei yake ni nzito kwa mwanafunzi wetu. NVDA ilianzishwa nchini Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na Jamie Teh, na hutolewa bure; inaweza hata kukaa ndani ya flashi, mwanafunzi akaichomeka kwenye kompyuta ya maktaba na kufanya kazi yake bila ya kusubiri ruhusa ya kuisakinisha, madhali fundi wa chuo hakuifungia njia hiyo. Simu za Android zina TalkBack ndani yake, na za iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009. Kwa hivyo hoja ya kwamba chuo hakina fedha za programu haina nguvu kama ilivyokuwa miaka ya nyuma. Kinachohitaji fedha zaidi ni kompyuta zenyewe, visikizi vya masikioni ili wengine wasisumbuliwe, na mwalimu wa kumfundisha mwanafunzi kuitumia. Hili la mwalimu lisidharauliwe. Asiyeona hatumii puku la kompyuta bali hutumia vibonye, na kuvizoea huchukua muda. Wanaovizoea huisikiliza sauti kwa kasi ambayo sisi wengine tungesikia ni mlio tu.

Lugha nayo ina mambo yake. Kiswahili ni chepesi kwa mashine, kwa sababu kinasomwa kama kilivyoandikwa. Sauti ya Kiswahili imo katika programu ya eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA. Lakini mtu akisahau kuichagua, mashine husoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na Chake Chake hutoka "cheik cheik", hata mwanafunzi akadhani anasomewa habari za nchi nyengine. Katika somo lenye lugha mbili, kama yalivyo mengi ya vyuoni, inabidi ajue kuibadili sauti kila lugha inapobadilika, au anayeandika waraka aiarifu kompyuta ni lugha gani aliyoitumia.

Sasa turejee kwenye karatasi ya mzee. Tatizo lake haliko kwa mwanafunzi, wala haliko kwa aliyemnunulia simu. Liko kwa aliyetoa waraka, na dawa yake haina gharama. Waraka ulioandikwa kwa kompyuta uhifadhiwe na kupelekwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, katika sura ya Word au PDF, bila ya kuuchapisha na kuupiga picha tena. Afisa anayetaka kujua kama waraka wake unasomeka afanye jaribio dogo: aufungue, ajaribu kuchagua neno moja katikati ya mstari kama anayetaka kulinakili. Neno likishikika, programu italisoma. Likikataa, au ukurasa mzima ukishikika kwa pamoja kama kipande kimoja, huo ni picha.

Tunajua litakalosemwa: na muhuri je? Watumishi wa Serikali tumelelewa kwamba waraka usio na saini na muhuri si waraka, na mafunzo hayo ni mema, khasa siku hizi ambapo matangazo ya uongo husambazwa kwa jina la Serikali. Hatusemi muhuri uondoshwe. Picha yenye muhuri itoke, na pamoja nayo, katika ujumbe huo huo, yatoke maneno ya tangazo yakiwa yamepigwa kama maandishi. Kazi hiyo ni ya dakika moja kwa karani ambaye waraka aliupiga yeye mwenyewe asubuhi. Na anayetilia shaka maneno atayalinganisha na picha.

Pana programu zinazoweza kuitazama picha na kukisia herufi zilizomo, na wanafunzi wengi wasioona wanazo simuni. Zinasaidia, lakini zisichukuliwe kuwa ni kisingizio. Hukosea pale pale penye umuhimu: mahali muhuri ulipoangukia juu ya tarehe, saini ilipokata jina, au karatasi ilipopigwa picha ikiwa imepinda na kivuli cha mkono kiko juu yake. Tarakimu 3 ikisomwa 8 katika tarehe ya mtihani, mwanafunzi hatakuwa na njia ya kujua.

Yako na mengine madogo ambayo mwandishi wa waraka mrefu ayazingatie. Vichwa vya habari viwekwe kwa ile amri ya kompyuta ya vichwa vya habari, wala si kwa kukoleza wino na kukuza herufi tu. Anayeona huruka kwa jicho mpaka sehemu anayoitaka. Asiyeona huruka kwa kibonye, na kibonye hukitambua kichwa kilichowekwa kwa amri hiyo peke yake. Asipokikuta, itabidi asikilize waraka wa kurasa 40 kutoka mwanzo ili kupata aya moja. Picha iliyomo katika mhadhara iandikiwe maneno mawili matatu ya kuieleza. Na mhadhiri darasani ajizuie na maneno "kama mnavyoona hapa" na "hii tukiigawa kwa hii". Aitaje "hii" kwa jina lake. Wanafunzi wanaoona nao watafaidika, kwani mwenye kukaa nyuma haoni vyema ubaoni.

Wenye uoni hafifu, wakiwamo wengi wa ndugu zetu wenye ualbino, hawahitaji kusomewa. Wanahitaji maandishi makubwa na mwanga unaofaa. Kompyuta zina kikuzaji ndani yake, nacho ni cha bure. Lenzi ya kushika mkononi, darubini ndogo ya jicho moja ya kuangalia ubao, karatasi ya mtihani iliyochapwa kwa herufi kubwa, na kiti cha mbele kisichoelekezwa dirishani ambako jua linampiga machoni: hayo kwa kawaida huwatosha. Muda wa ziada katika mtihani ni haki yao pia, maana kusoma kwa lenzi ni kusoma neno baada ya neno.

Kwa viziwi na wenye usikivu hafifu mambo ni tofauti, na kosa la kawaida ni kuwachanganya. Mwenye usikivu hafifu huweza kufaidika na shime sikio, yaani kile kifaa cha sikioni kinachokuza sauti. Lakini shime sikio hukuza kila kitu: sauti ya mhadhiri, feni, viti vinavyoburutwa, na mvua ya masika juu ya bati. Dawa iliyo bora ni kipaza sauti kidogo anachokivaa mhadhiri shingoni, kinachopeleka sauti yake moja kwa moja kwenye sikio la mwanafunzi kwa mawimbi ya redio. Vifaa hivi haviupendi unyevu wa pwani. Usiku vitiwe ndani ya kijikebe chenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, na betri zisifunguliwe mpaka zitakapohitajika, kwani za namna inayotumika zaidi huanza kuisha mara zinapobanduliwa kibandiko chake na kukutana na hewa.

Kiziwi asiyesikia kabisa hana haja ya kukuziwa sauti. Lugha yake ni Lugha ya Alama, yenye sarufi yake, na Kiswahili cha kuandikwa kwake mara nyingi ni lugha ya pili. Kwa hivyo kumkabidhi daftari la mwenzake na kusema "nakili" hakutoshi. Anahitaji mkalimani darasani. Maandishi yanayopita chini ya video ya somo humfaa, ilimradi yasahihishwe na mtu, kwa sababu yale yanayoandikwa na mashine yenyewe hukosea sana majina na istilahi. Na hapa pana picha nyengine ya kosa letu la mwanzo: mkuu wa darasa anaporikodi ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kuwaarifu wenzake kuwa kipindi kimehamishwa, asiyeona amehudumiwa vyema, na kiziwi amebaki mlangoni mwa chumba kitupu. Maandishi ya kawaida yaliyopigwa kwa herufi huwafikia wote wawili.

Kuhusu wenye ulemavu wa viungo, tuseme machache juu ya kiti cha magurudumu, kwani watu wengi hudhani kiti ni kiti. Kiti hupimwa kama kanzu. Kikiwa kipana mno mtu huegemea upande na mgongo ukapinda. Mto wake ukiwa mbaya hupata vidonda vya kukalia, navyo kwa mtu asiyehisi sehemu ya chini ya mwili, kama wengi walioumia uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye mkarafuu au mnazi, ni hatari ya maisha. Wataalamu wa kupima na kurekebisha viungo bandia na viti hufundishwa Moshi, katika chuo kilichoanzishwa pale KCMC mwaka 1981. Kwa njia zetu za mchanga huko mashamba, kiti chenye magurudumu madogo mbele huzama. Chenye gurudumu moja kubwa la mbele, lililosogezwa mbali na miguu, huenda vizuri zaidi, ingawa ndani ya chumba hukosa nafasi ya kugeuka.

Kiti kizuri nacho husimama mbele ya ngazi. Kipimo kinachokubalika cha mteremko ni kuwa kwa kila sentimita 1 ya kupanda pawe na sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8, ukumbi ulioinuka sentimita 60 unahitaji mita 7.2. Tumeshuhudia miteremko iliyojengwa kwa nia njema yenye urefu wa mita mbili tu mbele ya ukumbi kama huo. Huo mtu haupandi, na akiteremka huporomoka. Majengo ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, yana masharti yake ya uhifadhi, na afisi zilizomo humo zenye ngazi za mawe zitalazimika kuteremka kumhudumia mwananchi chini. Majengo mapya ya vyuo hayana udhuru huo.

Kwa upande wa sheria, Zanzibar ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, na sheria mpya ikachukua nafasi yake mwaka 2022. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu kwa jina na kuzitaka nchi zifanye marekebisho yanayostahiki ili mwenye ulemavu asome sawa na wenzake. Mwaka 2020 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kutengenezwa kwa nukta nundu, sauti au herufi kubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila ya kuomba idhini ya mwenye hakimiliki kila mara. Kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano, mkutubi anayetaka kuanza kazi hiyo aulize kwanza kwa wasimamizi wa hakimiliki hapa Zanzibar.

Wazazi wanaoletewa vifaa na jamaa walioko nje wajue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa vilivyotengenezwa makhsusi kwa watu wenye ulemavu. Msamaha hauji wenyewe. Uombwe kwa maandishi, pamoja na cheti cha daktari na karatasi za mzigo, kabla ya kifaa kufika bandarini, kwa sababu kikishafika gharama za kukaa ghalani huanza kuhesabika. Kompyuta ya kawaida isitegemewe kuingia katika msamaha huu kwa sababu tu mwenye kuitumia haoni.

Mwanafunzi anayejiunga na chuo aeleze mahitaji yake katika fomu ya maombi, na arudie kuyaeleza kwa mdomo siku ya kusajiliwa. Wako wanaoficha wakichelea kukataliwa, kisha mtihani wa kwanza ukafika na karatasi yao haikutayarishwa. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar wapo kwa ajili ya anayeona haki yake haikutekelezwa, wala si lazima mtu asubiri mpaka afeli ndipo aende.

Watumishi wote wanaoleta matangazo katika ukurasa huu wanaarifiwa kuwa, kuanzia toleo lijalo, tangazo litakaloletwa kwa picha peke yake halitapokelewa. Liletwe na maandishi yake, katika flashi au kwa barua pepe, likiwa limehakikiwa na aliyelitia saini. Afisi itayatoa yote mawili kwa pamoja: picha yenye muhuri, na maneno yake yakiwa yamepigwa kama maandishi. Tangazo hili lenyewe limetolewa hivyo, na nakala yake ya maandishi imepelekwa Wete.